Nyuma ya picha ya Baba

Ilikuwa Jumamosi jioni, uani kwetu Mbagala. Picha 12 zilikuwa zimeegeshwa ukutani, nyingine zimekauka, nyingine bado zinanuka rangi. Baba alikuwa amekaa kwenye stuli yake ya siku zote, brashi nyembamba mkononi, ameinamia pembe ya chini ya picha ya kwanza kiasi kwamba pua ilikaribia kugusa ubao. Alikuwa anaandika jina lake.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa ananawa mikono kwa mafuta ya taa. Alimtazama Baba akiandika jina kwenye picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipoanza ya nne, mdogo wangu akasema bila kupandisha sauti, “Baba, na jina langu litakaa wapi?”

Hakuna aliyejibu. Mama, aliyekuwa akichagua mchele, alisimamisha mikono. Mimi nilijifanya nasoma simu.

Swali lilikuwa la haki. Katika zile picha 12, Baba alikuwa amechora tatu kwa mkono wake, tena kwa shida. Nne tulizichora kwa kuchanganya mikono: yeye wanyama, mimi nukta na ndege wadogo, mdogo wangu yaliyobaki. Tano zilikuwa za mdogo wangu peke yake tangu rangi ya chini hadi mwisho. Tulifanya hivyo kwa sababu mwenye duka alikuwa ameshalipa nusu ya fedha, na macho ya Baba yalikuwa hayamsaidii tena.

Baba alimalizia jina kwenye ile picha ya nne, akafuta brashi, akaingia ndani. Hakutoka mpaka asubuhi.

Shule ya uani

Baba ni mchoraji wa Tingatinga. Msomaji, ukipita kwenye maduka ya vinyago pale Mwenge utaziona picha hizi: twiga wenye shingo ndefu kupita kiasi, tembo waliojaa ubao mzima, ndege wenye mikia ya rangi zote, masoko yenye watu wengi kuliko unavyoweza kuhesabu. Zinang'aa kwa sababu rangi yake ni ile ya mafuta, ya kupakia milango na baiskeli.

Mimi na mdogo wangu tulikulia ndani ya harufu ya rangi hiyo. Kabla sijajua kuandika jina langu nilishajua kupiga nukta. Baba alikuwa anatupa kipande cha hadibodi kilichobaki na brashi iliyokwisha, anasema, “Pigeni nukta. Zilingane.” Zikitoka kubwa kubwa, alizifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akasema neno moja tu: “Tena.”

Sheria zake zilikuwa chache. Anza na rangi ya chini. Ngoja ikauke, hata kama una njaa na mteja anasubiri. Mnyama awe mkubwa, ajae ubao, asisimame pembeni kama mgeni. Na jicho la mnyama liwekwe mwisho kabisa, kwa sababu ukishaliweka atakuwa anakutazama na hutathubutu kumharibu tena.

Ada yangu ya sekondari ilitoka kwa hao twiga. Hata chuo kikuu, pale mkopo ulipoishia, twiga waliendelea.

Niliyoyaandika bila kuyaona

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Mwaka jana niliandika makala ndefu kuhusu mtoto wa jicho. Nilieleza kwamba ndiyo sababu kubwa zaidi ya upofu duniani. Nilieleza kwamba lenzi iliyo ndani ya jicho, ambayo kwa kawaida ni angavu kama kioo, hupata ukungu pole pole bila maumivu, na kwamba umri ndio chanzo kikuu, huku kisukari, sigara na baadhi ya dawa vikiongeza hatari. Nikasisitiza kwamba hakuna matone yanayouondoa ukungu huo. Tiba ni upasuaji: lenzi iliyochafuka inatolewa, ya bandia inawekwa.

Ofisini nilipongezwa. Wakati huo huo, nyumbani kwetu, Baba alikuwa anasogeza stuli yake karibu na mlango kila mwezi.

Dalili zote zilikuwepo. Taa za bodaboda usiku aliziona zina duara la mwanga pembeni. Akiwa anachanganya rangi alikuwa anauliza, “Hii nyeupe, au imeshaingia chai?” Anga za picha zake zilizidi kuwa za buluu kali, kwa sababu buluu ya kawaida kwake ilionekana imefifia. Mwenye duka alilalamika. Baba akasema ni rangi za siku hizi, hazina ubora.

Nilikuja kugundua kwamba Mama alijua. Alijua pia kuhusu kichupa cha matone alichopewa na jirani, ambacho hakikuwa na hata karatasi ya maelezo. Nilipomuuliza Baba kwa nini hakuniambia, alinijibu kwa upole, “Mwanangu, mchoraji akishasema haoni, nani atampa kazi?”

Kwa hiyo tulipokaa kuchora zile picha 12, mimi nilikuja na hatia yangu. Nilikuwa binti wa kwanza, mwandishi wa afya, na nilikuwa nimeupita ugonjwa huo kila siku nikielekea kwenye daladala.

Fundi

Siku mbili mdogo wangu hakushika brashi. Alianza kuzungumza habari za rafiki yake mwenye bodaboda anayetafuta dereva. Mama alimwambia Baba aseme naye. Jumatatu usiku, baada ya chakula, Baba alituita wote wawili.

Akatusimulia habari ambayo sikuwahi kuisikia katika maisha yangu yote.

Baba alifika Dar es Salaam mwaka 1986 akitokea Tunduru, wilaya ile ile alikozaliwa Edward Saidi Tingatinga mwaka 1932. Ndugu mmoja alimpeleka kwenye kibanda cha fundi wa picha maeneo ya Msasani. Miezi mitatu ya kwanza hakuchora chochote. Alikata hadibodi, akazipiga msasa, akaosha brashi, akafuata chakula cha mchana cha mafundi. Kisha akaruhusiwa kupaka rangi ya chini. Kisha nukta. Baada ya mwaka na zaidi akapewa mnyama wa kwanza, na Fundi alisimama nyuma yake muda wote, akimshika kifundo cha mkono kila shingo ya twiga ilipoanza kupinda vibaya.

“Kila kitu mnachokiona kwenye mkono wangu kilitoka kwa yule mzee,” Baba alisema.

Mwaka 1991 alichora picha yake mwenyewe. Twiga wawili waliovingirishana shingo, na jua linazama nyuma yao. Alikuwa anabaki kibandani usiku kwa taa ya kandili, wiki nzima. Asubuhi aliyomaliza akaja mteja, akaipenda. Fundi akachukua brashi, akaandika jina lake mwenyewe pembeni, akauza. Jioni akampa Baba posho ya siku, kama siku nyingine yoyote.

Baba aliondoka siku hiyo hiyo na brashi mbili. Hakumsalimia tena Fundi wake kwa zaidi ya miaka 30. Sisi watoto tulipomuuliza nani alikufundisha, alijibu, “Nilijifunza mjini.”

Alinyamaza kidogo, kisha akamtazama mdogo wangu. “Jambo lile nimelichukia miaka yote hii. Na Jumamosi nimekufanyia wewe.”

Hakuna aliyeanza peke yake

Usiku ule sikulala vizuri. Kazi yangu imenizoesha kutafuta chanzo cha kila jambo, kwa hiyo nikarudi kwenye habari za Tingatinga mwenyewe.

Alianza kuchora mwaka 1968, baada ya kupitia vibarua vingi, na picha zake ziliuzwa chini ya mbuyu pale Morogoro Stores, Oyster Bay, mke wake akisaidia kuuza. Alipata pia ajira Muhimbili, hospitali ambayo mimi naingia karibu kila wiki kutafuta habari, na sikuwahi kumfikiria nikiwa kwenye korido zake. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu.

Miaka minne ni muda mfupi mno. Kama ingekuwa kazi ya mtu mmoja, ingezikwa naye. Iliendelea kwa sababu alikuwa ameshawaketisha ndugu na jamaa pembeni yake wakamwiga: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo na Simon Mpata. Nao wakawaketisha wengine. Mwaka 1990 wachoraji wakawa na chama chao cha ushirika kinachobeba jina lake. Leo mtu akisema “nimenunua Tingatinga” anazungumzia picha iliyochorwa na mtu mwingine kabisa, pengine aliyezaliwa miaka mingi baada ya 1972.

Na yeye alijifunza wapi? Wapo wanaosema aliona picha za wachoraji kutoka Kongo zikiuzwa Dar es Salaam, akaona na yeye anaweza. Wapo wanaokumbusha michoro ya kwenye kuta za nyumba za udongo huko kusini alikokulia. Lolote lililo kweli, hakuanza na ubao mtupu.

Nikamkumbuka pia George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005. Alitokea kwenye uchongaji wa Kimakonde, akaanzia Nyumba ya Sanaa kama mlinzi, mwishowe picha zake zikafika Ulaya, Marekani na Japani. Kisukari kilimsumbua na akapoteza miguu. Ndugu na wanafunzi wake walifanya naye kazi, na mikono yao imo katika nyingi ya kazi zenye jina lake. Ni jambo la kawaida katika ufundi. Seremala ana vijana wake, fundi cherehani ana vijana wake, na mteja anajua jina moja tu.

Nilichojiuliza ni nini hasa kilichomuumiza Baba. Kuigwa na kuiga hakukumsumbua, ndivyo alivyolelewa. Kilichomuumiza ni kwamba siku ile mkono wake ulikuwa umefanya kila kitu, na hakuna mahali popote, hata kwa mdomo, palipotajwa kwamba alikuwepo.

Zanzibar wana mfano wa namna nyingine. Siti binti Saad, msichana wa Fumba aliyekuja mjini, aliimba taarabu kwa Kiswahili hadi akasafirishwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Bi Kidude alikua akimsikiliza. Alipofika uzeeni, dunia nzima ikimtafuta na tuzo akipewa, aliendelea kuziimba nyimbo za Siti na kumtaja Siti. Alifariki mwaka 2013 na sijasikia mtu akisema kwamba kumtaja Siti kulimpunguzia chochote. Sauti ile ya moshi ilikuwa yake, na kila mtu aliijua.

Na mimi je?

Ni rahisi kumhukumu Fundi, na ni rahisi kumhukumu Baba. Lakini wiki ile nilifungua makala yangu ile ya mtoto wa jicho, iliyonipatia pongezi, nikaisoma upya.

Wagonjwa wanne kati ya watano waliozungumza ndani yake sikuwahoji mimi. Aliwahoji binti mmoja wa chuo aliyekuwa kwetu kwa mafunzo kwa vitendo. Alikaa kliniki tangu saa moja asubuhi, akaniletea daftari limejaa. Maneno ya yule bibi aliyesema anawajua wajukuu zake kwa sauti za miguu, ambayo kila mtu aliyapenda, aliyaandika yeye. Juu ya makala palikuwa na jina langu peke yangu. Hata sikufikiria. Nilimpa nauli na nikamwambia, “Umejitahidi.”

Nilimpigia simu. Nilimwambia kwamba nilikosea, na kwamba nimemwomba mhariri waongeze jina lake kwenye makala iliyoko mtandaoni. Alikaa kimya, kisha akasema, “Dada, mimi nilidhani ndivyo inavyokuwa.” Neno hilo lilinichoma kuliko kama angenilaumu. Alikuwa ameshaanza kujifunza kutoka kwangu, na hilo ndilo nililokuwa ninamfundisha.

Nikaona pia jambo jingine. Siku zote nilisema uandishi nilifundishwa chuoni na na mhariri wangu wa kwanza, mama mmoja aliyekuwa akikata aya zangu tatu za mwanzo bila huruma. Ni kweli. Lakini mtu aliyenifundisha kungoja rangi ya chini ikauke, kutotuma kazi kabla haijawa tayari, na kusema “tena” bila kukasirika, alikuwa uani kwetu. Sikuwahi kumtaja popote kama mwalimu wangu.

Bei ya jina

Jumanne Baba alimpigia mwenye duka. Akamwambia kwamba picha tatu ni zake, nne ni za familia, na tano ni za mwanawe, na zitakuwa na jina la mwanawe.

Mwenye duka hakufurahi. Alisema wateja wake wanalijua jina la Baba. Kwa zile tano akapunguza theluthi ya bei. Tulikuwa tunaihitaji fedha ile kwa ajili ya macho, na Mama alisema wazi kwamba heshima ni nzuri lakini hailipi hospitali. Baba alimjibu, “Theluthi hiyo ni ada yangu. Nilichelewa kuilipa.” Ile picha ya nne aliyokuwa ameshaisaini ilikuwa ya mdogo wangu. Alifuta jina lake mwenyewe kwa kitambaa chenye tapentaini, taratibu, na sehemu iliyochubuka mdogo wangu akaipaka upya.

Kwa zile nne za mchanganyiko tulikubaliana jina la Baba libaki mbele, kwa sababu wanyama ni wake na mteja analipia hilo. Lakini nyuma ya ubao tuliandika majina yote matatu na kila mmoja alichofanya.

Ilibaki kumshawishi aende hospitali. Aliogopa. Nilimsimulia habari za Mfaransa Claude Monet, mchoraji wa maua ya majini, ambaye naye alipata mtoto wa jicho, rangi zikamgeukia kuwa za kahawia na nyekundu, akakataa upasuaji kwa miaka hadi alipokubali mwaka 1923. Baba aliuliza swali moja tu: “Baada ya hapo alichora?” Nikamwambia alichora, hadi karibu na kifo chake mwaka 1926. Akasema twende.

Tulichanga. Jicho la kulia lilifanyiwa kwanza, kwa ganzi, naye akiwa macho. Haikufika nusu saa. Kesho yake walipomfungua bandeji alitazama koti la daktari kwa muda mrefu, akasema, “Kumbe jeupe namna hii.”

Nyumbani alikwenda moja kwa moja ukutani, kwenye picha yake ya miezi michache nyuma ambayo haikuuzwa. Aliitazama ile anga ya buluu kali. “Nani alichora hii?” akauliza. Tukacheka wote, naye akacheka, lakini niliona aliumia. Kisha akaitazama anga ya mdogo wangu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakusema neno. Mdogo wangu aliona.

Habari za bodaboda hazikusikika tena.

Safari ya Mkuranga

Mwezi uliofuata Baba alituambia anataka kwenda kumwona Fundi. Alikuwa ameulizia kwa wachoraji wa zamani: mzee yuko Mkuranga kwa binti yake, amepata kiharusi, mkono wa kulia haufanyi kazi.

Tulikwenda watatu na sukari, mchele na sabuni. Mzee alikuwa kwenye mkeka chini ya mwembe. Baba, mwenye mvi kichwa kizima, alipiga goti kama kijana. “Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba.” Mzee alimkazia macho. Baba akajitaja. Mzee akafikiri, kisha akatabasamu upande mmoja wa mdomo. “Wewe ndiye yule wa nukta kubwa.”

Walizungumza mambo ya watu wengi, wengi wao marehemu. Nilimwona Baba akizunguka zunguka mpaka akalifikia. Akaitaja ile picha: twiga wawili, shingo zimevingirishana, jua, mwaka 1991.

“Twiga gani?” mzee aliuliza. “Mwanangu, mimi nimeuza twiga wangapi?”

Hakukumbuka. Kisa kilichomfanya Baba akate mguu kwa miaka zaidi ya 30, kisa kilichotufanya tulelewe bila kulijua jina la mtu huyu, mwenzake hakikuwemo hata kichwani. Niliogopa Baba angevunjika. Alikaa kimya, akaokota jani la mwembe, akalikunja, akalitupa.

Mdogo wangu, kwa kutojua la kufanya, alitoa simu akamwonyesha mzee picha aliyokuwa anaichora wiki ile. Mzee alishika simu kwa mkono wa kushoto, akaisogeza mbali na macho.

“Shingo hii naijua,” alisema. “Hii ni yangu.”

“Ni yako, Mwalimu,” Baba akajibu. “Ulinipa mimi, mimi nikampa huyu.”

Mzee aliendelea kutazama. Kisha akauliza, “Mbona huyu mnyama hana jicho?”

“Jicho linawekwa mwisho, Babu,” mdogo wangu akasema. “Si ndivyo ulivyofundisha?”

“Mimi?” Mzee alishangaa. “Mimi naweka jicho mwanzo. Nitajuaje mnyama anatazama wapi?”

Sote tulimgeukia Baba. Alikuwa ameinamisha kichwa anatabasamu kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Ile sheria ya jicho ilikuwa yake. Aliibuni mwenyewe, pengine katika miaka ile ya kuchora peke yake, akatufundisha sisi, na hakuwahi kujua kwamba ana kitu cha kwake kwa sababu hakuwahi kuthubutu kuhesabu vilivyokuwa vya Fundi.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Miaka yote Baba alificha jina la mwalimu wake akidhani analinda kazi yake. Alipolitaja ndipo tulipoona wazi: shingo ni ya Fundi, jicho ni la Baba, na ile anga ni ya mdogo wangu. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Hata picha hazilelewi na mkono mmoja, wala makala.

Kwa hiyo, msomaji, kama wewe ni fundi wa kitu chochote, cha kushona, kupika, kuimba, kuandika au kuchora, na aliyekufundisha bado yuko hai, mtafute. Nenda na sukari. Usiende kudai samahani, maana huenda akawa hakumbuki kosa. Kama una kijana anayekufanyia kazi, tafuta mahali pa kuliandika jina lake, hata kama ni nyuma ya ubao. Na kama mzazi wako anasogeza kiti karibu na mlango ili aone vizuri, usimwambie ni uzee. Mpeleke akapimwe macho.

Jicho la kushoto la Baba litafanyiwa mwezi ujao. Mdogo wangu amemaliza picha ile ya twiga, nyuma yake kuna majina matatu: la Fundi, la Baba na la kwake. Mwenye duka ameitaka na mdogo wangu amekataa kuiuza. Amesema ikishakauka vizuri anaipeleka Mkuranga.